Mwezi wa Kumi na Tatu

Saa ile haikutiwa ufunguo kwa miaka mitatu, lakini jioni moja, saa moja kasoro dakika kumi, ilibadilisha tarehe.

Nangila alisikia "tik" moja kutoka droo ya chini, akaacha kufunga kibanda. Alikuwa fundi saa hapo Kawempe, na droo ile ilikuwa ya marehemu mumewe, Byron, aliyemfundisha kazi. Humo ilibaki kazi yake ya mwisho: saa ya mkononi yenye bei ya gari, mali ya Mzee Gershomu, Myahudi wa Mbale, aliyeletewa zawadi na mkwe wake wa ng'ambo. Iliundwa kufuata mwezi wa angani, kama kalenda ya dini yake. Siku ya kalenda hiyo huanza jua linapozama. Tena miaka mingine huwa na miezi kumi na tatu, na huo wa ziada una kidirisha chake, kidogo kama punje ya mtama.

Byron alikufa katika mwezi wa ziada. Wajane wengine wana Februari yao ya kulilia kila mwaka. Nangila alingoja miaka mitatu mwezi wake urudi. Mzee alikuja matangani, akasema saa ikae mpaka moyo wa Nangila utulie. Moyo haukutulia, saa ikakaa.

Sasa kidirisha kilikuwa wazi.

Ikaja harufu ya petroli ya kusafishia vyuma, kisha kikohozi.

"Mama Akech," sauti ya Byron ikamwita kutoka kwenye kigoda kitupu, "umekula?"

Nangila, mwenye shahada na dharau ya siku nyingi kwa watu wanaosikia majini kila bati likilia, alijibu, "Bado."

Basi akawa anakuja kila magharibi, kwa muda wa tarehe kubadilika tu, kama wa chai kuchemka.

"Nyabo, mwenzangu, huyo si Byron," alinong'ona Husnah, muuza magauni ya gomesi wa kibanda cha jirani, alipoambiwa. "Jini huazima sauti. Hata kwetu Waislamu siku huanza magharibi, na ndipo wanapopita. Mrudishie mzee saa yake kabla mwezi haujaisha."

"Anajua ninavyokunywa chai."

"Bambi! Sukari vijiko vinne, hata mimi najua. Na mimi ni jini?"

Husnah alicheka peke yake. Nangila hakuwa amecheka tangu mazishi.

Mwezi ule una siku thelathini. Jioni ya thelathini harufu ilikuja mapema, nzito hata machozi yakamtoka, na kigoda kikalia kama kinavyolia mtu mzito akikikalia, na mishale ya saa ikaanza kuzunguka kiganjani mwake, chuma kikiwa na joto kama kitu chenye damu, na sauti, ambayo siku zote ilitoka kigodani, sasa ikatoka nyuma ya sikio lake, karibu mno, bila pumzi.

"Geuza kifundo, Mama Akech. Irudishe nyuma, mwezi uanze upya. Geuza sasa."

Byron alikuwa na amri moja tu kibandani: tarehe inapobadilika, meno ya magurudumu yameumana, usiguse kifundo cha ubavuni. Aliwahi kumfukuza mteja tajiri kwa kosa hilo. Angekufa mara ya pili kabla ya kulisema neno lile.

Kwa hiyo alijua si yeye. Alijua kabisa.

"Sema tena 'umekula'," akaomba.

"Geuza, nitasema."

Akageuza.

Jino lilivunjika kwa mlio mdogo, kama ukucha ukikatwa. Harufu ikakatika. Nangila alingoja mpaka taa za barabarani zikawaka. Hakuna aliyemuuliza kama amekula, akairudisha saa drooni na kufunga kufuli.

Kesho yake alishinda nyumbani amelala. Alifika kibandani jua likizama, ufunguo mkononi, akamkuta Husnah ameshika chupa ya chai, uso umechanua.

"Mukwano, rafiki yangu, leo umenifurahisha! Nimekusikia humo ndani ukicheka. Kicheko kile cha zamani, cha wakati Byron yuko hai. Nikasema, sasa moyo umetulia, nimletee chai."

Nangila alitazama kufuli. Lilikuwa limefungwa kwa nje, kama alivyoliacha.

"Husnah," ikaita sauti kutoka ndani, taratibu, kwa upole. Sauti yake Nangila mwenyewe. "Umekula?"