Sponji Iliyofuliwa kwa Petroli

Muuza maziwa wa mtaa wa juu ameungua. Ndivyo ilivyosemwa, na maneno hayo yalimganda Mama yasimtoke. Kila aliyeyaleta aliyatia chumvi. Huyu alisema pikipiki ilimtemea moto ikiwa imesimama, yule akasema moto ulichomoka kama nyoka anavyochomoka shimoni. Kwa nini ulichomoka, hakuna aliyejua. Mama alikuwa akishona, mara mguu unakwama kwenye cherehani.

"Baba watoto, umesikia ya muuza maziwa?"

"Nimesikia jana, nimesikia juzi," Baba alijibu. "Na kesho najua utaniambia tena."

Kitinda, mtoto wao wa mwisho, alicheka huku akiosha vyombo. Kila jioni kazi yake ilikuwa hiyo: vyombo, masomo, kisha kumpangia Baba spana kwenye mfuko. Baba alitengeneza pampu za maji mashambani, naye alikwenda huko kwa pikipiki ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake. Nyumbani waliiita Mkongwe.

Siku hizo Mkongwe alikuwa hoi. Boksi lake la hewa, lile kopo la bati lililo chini ya kiti, lilikuwa limeliwa na kutu, na chujio la karatasi lililokaa ndani yake lilikuwa limechanika. Machujio ya aina hiyo hayakuuzwa tena popote. Vumbi la barabarani liliingia moja kwa moja kwenye injini, na kila Baba alipoondoka aliacha moshi nyuma kama mtu anayechoma takataka. Jumamosi yeye na Kitinda waliisukuma hadi kwa Fundi Taratibu, mzee aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuweza kumaliza mazungumzo bila kulitaja neno hilo.

"Niwekee koni," Baba alisema. "Vijana wote wanaweka. Boksi unalitupa, chujio la koni unalibana kwenye mdomo wa kabureta, mambo yamekwisha."

"Taratibu," alisema fundi. "Huyu amezaliwa na boksi, amezoea kuvuta pumzi kupitia humo. Ukimwacha mdomo wazi, hewa itaizidi petroli, injini itachemka, siku moja pistoni igande ukiwa mwendo wa kasi. Hapo ningetakiwa nibadilishe na jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli. Za kabureta ya zamani hivi nitazitoa wapi?"

"Sasa tufanyeje?"

"Boksi nitaliziba kwa bati jipya. Badala ya karatasi, tutatia sponji hii." Akatoa kipande cheusi kutoka kwenye pikipiki nyingine iliyokufa, akakikata kwa mkasi kikaenea boksini. "Bado ni nzima, ila imejaa grisi. Ifuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, halafu ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Mjukuu, kazi hiyo nakupa wewe. Maji na sabuni, basi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, babu."

Waliporudi nyumbani, Kitinda alifua. Povu lilitoka jeusi, akamwaga, akafua tena, likatoka jeusi vilevile. Jua lenyewe halikuonekana, mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi. Na Baba alishasema kwamba kesho lazima atoke, kwa maana pampu ya shamba moja imekufa na watu wa huko hawana hata maji ya kunywa. Wenzake nao walikuwa uwanjani, alizisikia kelele zao.

Domo, mtoto wa jirani, akachungulia juu ya ukuta. "Bado unakamua tu? Hilo chuma lenu linakohoa kuliko marehemu babu yako!"

"Niondokee. Haitakati hii."

"Ichovye kwenye petroli. Grisi inakimbia yenyewe, na inakauka kabla hujafunga mdomo."

"Wa kufunga mdomo ni wewe, Domo."

Lakini Domo alipoondoka, Kitinda alikwenda penye kidumu cha petroli cha Baba, akaichovya. Ni kweli, grisi ilikimbia. Aliikamua sponji, akaipaka oili, akaiweka dirishani, akakimbilia uwanjani.

Jioni Baba aliishika. "Umefua kwa sabuni?"

"Ndiyo, Baba."

"Imekauka?"

"Imekauka."

Baba mwenyewe alinuka petroli kuanzia shati hadi viatu, hivyo hakunusa kitu. Akaitia kwenye boksi ambalo fundi alikuwa ameshaliziba, Mkongwe akalala tayari.

Asubuhi Baba alipiga kiki huku kifuniko cha boksi kikiwa wazi, ili asikie injini inavyovuta hewa. Mkongwe alikataa. Akapiga tena, mkono wake wa kulia ukiwa umeegemea karibu na boksi. Injini ikapiga chafya, yaani moto wake ukarudi nyuma kupitia kabureta, kama zifanyavyo injini za zamani zikiwa za baridi. Kwa kawaida chafya hiyo ni mlio tu. Siku ile ilikutana na sponji ambayo petroli yake ilifungiwa ndani na oili kabla haijakauka.

Kitinda aliona mwali ukimlamba Baba mkono na kupanda kwenye shati. Hakuwahi kumsikia baba yake akipiga ukelele namna ile. Mama alitoka mbio, akamfunika kwa blanketi, akamwaga mchanga kwenye pikipiki, na kwa kuchanganyikiwa akaupaka ule mkono dawa ya meno. Hospitalini muuguzi ilibidi aitoe dawa hiyo yote juu ya nyama mbichi. Kitinda alisimama nje ya pazia, akasikia kila kitu.

Kutoka pale Mama alimshika Kitinda mkono hadi kwa Fundi Taratibu. Wateja walikuwapo.

"Umemuunguza mume wangu!" Mama alipaza sauti. "Wewe na masponji yako ya kuokoteza! Angeweka koni angekuwa mzima!"

Mwenye pikipiki nyekundu alianza kuisukuma yake pole pole aondoke. Fundi aliweka spana chini.

"Mama, kama ilifuliwa kwa sabuni, basi kosa ni langu. Sijui nimekosea wapi. Lakini kama nimekosea, nitafunga gereji."

Kitinda aliitazama ile spana chini. "Siyo babu," alisema. "Nilifua kwa petroli. Baba aliniuliza, nikamdanganya."

Mama alikaa kitako juu ya tairi kuukuu.

Mwenye pikipiki nyekundu akasimama. "Na kaka yangu pia," alisema kwa aibu. "Ndiye yule muuza maziwa. Alisafisha chujio kwa petroli, akatukataza tusimwambie mtu, watu wasije wakamcheka."

Mama aliinua uso. "Kwa hiyo mlijua? Mtaa mzima tunababaika, nyinyi mmenyamaza? Mngesema, mume wangu asingekuwa kule kitandani!"

Fundi aliziba boksi upya. Kitinda alifua sponji nyingine kwa sabuni, akangoja mpaka ikakauka kabisa, na Mkongwe akapumua vizuri, bila moshi. Mkono wa Baba ulipona, lakini vidole viwili havikunjiki tena. Nati ndogo zinamponyoka, na Kitinda ndiye humshikia kila akitoka shule. Baba hajawahi kumkemea, na hilo linamuuma zaidi.

"Sitakuchapa," Mama alimwambia. "Hivyo vidole vinatosha. Lakini ulisema ukweli kabla mzee wa watu hajapoteza kazi yake, na hapo nilishukuru. Sasa nenda ukawaambie wenzako, uanze na Domo. Usione haya kama muuza maziwa. Haya yake ndiyo iliyotuunguza sisi."

Kitinda alikwenda, akawaambia hivi:

Usifue chujio wala sponji kwa petroli.
Usifunge sponji mbichi.
Usiwashe pikipiki boksi la hewa likiwa wazi, wala usiweke mkono karibu nalo.
Usitupe boksi la pikipiki ya zamani kwa sababu vijana wote wametupa.
Usipake dawa ya meno mahali palipoungua. Tia maji safi ya bomba kwa muda mrefu, kisha hospitali.
Usishike petroli bila mtu mzima.
Usiseme "ndiyo, Baba" kama ni hapana.