Filimbi ya Clifford na Kodi ya Gemma

Kila Ijumaa Bi Doreen Blanchard hununua samaki na chipsi, za kwake na za mumewe, Clifford. Huzila mbele ya televisheni, miguu karibu na hita. Lakini Ijumaa hiyo ya Februari samaki alipoa kwenye sahani.

"Kula, mke wangu," alisema Clifford. "Samaki hajakukosea kitu."

"Sina hamu. Gemma hajalipa kodi. Huu ni mwezi wa tatu sasa."

Watu hapa Grimsby, Uingereza, hudhani kila mwenye nyumba ni tajiri. Njooni muuone mkoba wa Bi Doreen! Alipika chakula cha shule mpaka akastaafu. Nyumba anayopangisha aliachiwa na mama yake. Ipo mtaani hapo hapo, na paa lake lilivuja hadi wakakopa benki kulitengeneza. Kodi ndiyo iliyokuwa ikilipa mkopo huo. Kodi isipokuja, benki haitaki kusikia hadithi.

Mpangaji wao, Gemma Sowerby, alikuwa akifungasha samaki kiwandani. Kabla ya Krismasi kiwanda kilimpunguzia siku za kazi. Akaomba msaada wa serikali, ambao ndani yake kuna fedha za kodi ya nyumba. Alikuwa na binti mdogo, Keira, na hawakuwa na pengine pa kwenda.

Simu ya mezani ikalia. Kwenye kioo chake hapakuwa na namba.

"Hao hao!" alisema Clifford. Aliinuka haraka, akachukua filimbi yake ya urefa wa mpira, akainua simu na kupuliza kwa nguvu zake zote. Priii! Akakata.

"Matapeli wakome," alisema, akakaa akiwa ameridhika.

Msimcheke. Mwaka uliotangulia mtu alipiga simu akijifanya wa benki, nusura awaibie akiba yao yote. Tangu hapo, kila simu isiyo na namba ilikula filimbi.

"Mpe Gemma notisi ya kuhama," alisema Clifford. "Pesa za serikali anapewa. Anazila."

"Na mtoto je?"

"Na sisi je? Benki wametupa mpaka mwisho wa mwezi, Doreen!"

Usiku huo usingizi ulimpaa Bi Doreen.

Asubuhi alikutana na Gemma kwenye mapipa ya taka.

"Habari za leo, mwanangu?"

"Nzuri, Bi Doreen. Na wewe?"

"Nzuri tu. Baridi kidogo."

"Eeh, baridi."

Kila mmoja akarudi kwake. Ndivyo tulivyo mtaani kwetu. Mtu anaweza kuwa anaungua moto, ukimuuliza hali atasema nzuri. Na mambo ya pesa, ndiyo kabisa hatuyataji. Tunaona haya.

Jumatano Bi Doreen alikwenda maktaba. Huko kuna meza ya ushauri, na anayekaa hapo ni jirani yetu Beryl Tasker. Beryl aliwahi kufanya kazi kwenye idara ya nyumba ya halmashauri ya mji.

"Nataka kujua namna ya kumpa mpangaji notisi," alisema Bi Doreen. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Beryl alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Gemma mwenyewe anasemaje?"

"Sijamuuliza."

"Miezi mitatu, Doreen! Na hujamuuliza?"

"Nitamuulizaje? Si ataona ninamdhalilisha?"

"Kumfukuza ndiyo hutamdhalilisha? Sikiliza, shoga yangu. Msaada huu huchelewa. Hata kila kitu kikienda sawa, mwombaji husubiri zaidi ya mwezi. Kukiwa na tatizo, husubiri zaidi. Huenda hajala hata senti yako."

"Basi niwapigie ofisi niwaulize."

"Hawatakwambia mambo yake bila ridhaa yake. Ni haki yake. Mwite mnywe chai, mzungumze. Nami nitakuja."

Alasiri hiyo Gemma alifika na koti lake, hakulivua. Alikuwa amekonda. Hata kabla ya chai kumiminwa alisema, "Bi Doreen, kama ni kuhama, niambie tu. Nilijua siku nyingi kwamba umenikataa."

"Mimi? Nimekukataa lini?"

"Ofisi wanataka uthibitishe kwamba ninapanga kwako, na kodi ni kiasi gani. Hawawezi kutoa fedha za kodi mpaka useme. Wamekupigia mara nyingi." Gemma alianza kulia. "Nikadhani hututaki tena. Nikaona aibu kuja kukuuliza."

"Mbona mimi sijapigiwa na ofisi yoyote!"

"Wamepiga. Yule dada wa ofisini ameniambia. Eti akipiga, kuna mtu anampulizia filimbi. Sikio limemuuma wiki nzima."

Bi Doreen akageuka polepole kumtazama mumewe. Clifford alikuwa akitazama viatu vyake, masikio mekundu.

"Clifford," alisema Bi Doreen.

"Nilidhani matapeli," alijibu kwa sauti ndogo.

"Ungetufukuzia mtoto wa watu kwa filimbi yako!"

Beryl alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kujihadhari si kosa, Clifford. Ila usipulize. Muulize jina lake na anatoka ofisi gani. Usimpe namba ya siri wala ya benki. Kata simu, kisha wewe mwenyewe piga namba rasmi ya ofisi hiyo. Akiwa mkweli, utampata."

Hapo hapo Gemma akapiga simu ofisini. Aliridhia Bi Doreen azungumze, naye Bi Doreen akathibitisha kila kitu. Beryl akawakumbusha jambo jingine. Kodi ikichelewa miezi miwili au zaidi, mwenye nyumba anaweza kuomba fedha za kodi ziende kwake moja kwa moja. Gemma akasema, "Afadhali iwe hivyo. Nitapata usingizi." Kesho yake Bi Doreen alikwenda benki mapema kueleza hali, kabla mwisho wa mwezi haujafika. Wakampa muda. Alisikitika kwamba hakuwahi kwenda kabla ya hapo.

Mwezi wa Machi fedha za kodi zikaanza kuingia, pamoja na zile zilizochelewa. Deni dogo lililobaki Gemma alilipa kidogo kidogo. Notisi haikuandikwa. Clifford alimpelekea Gemma na Keira samaki na chipsi, akaomba radhi mlangoni, kofia mkononi. Keira aliomba kuipuliza ile filimbi. Akapewa, mtaa mzima tukasikia.

Wiki iliyopita Bi Doreen alimkuta Gemma tena kwenye mapipa ya taka.

"Habari za leo, mwanangu?"

Gemma alifungua mdomo aseme nzuri, akajizuia.

"Si nzuri sana, Bi Doreen. Kiwanda kimenipunguzia siku nyingine. Natakiwa kuwaarifu ofisi, na naogopa."

Bi Doreen akaweka mfuko wake wa taka chini.

"Njoo ndani," alisema. "Tutawapigia pamoja."