Chuma cha Kutundikia Taulo

Jumamosi ile asubuhi, jiko la Mama Cherehani lilikuwa limevuliwa nguo. Milango yote ya kabati ilikuwa imelazwa uani juu ya magazeti, na wanawake wawili walikuwa wakiisugua kwa msasa: mmoja amepiga magoti, mwingine amekaa kwenye kigoda kwa sababu goti lake la kushoto halitaki tena kukunjwa.

Wa kwenye kigoda ndiye Mama Cherehani mwenyewe, mjane wa miaka sabini na mbili. Alikuwa amewashonea watu wa mtaa ule sare za shule, magauni ya harusi na, kwa maneno yake mwenyewe, suruali za wanaume wasiotaka kukubali kwamba wamenenepa. Wa kupiga magoti ni mkamwana wake, muuzaji wa duka la dawa, mwanamke asiyetupa hata kifuniko cha chupa.

Jiko lile alilijenga marehemu mume wa Mama Cherehani miaka arobaini nyuma, na tangu hapo halikuguswa. Kulikuwa na droo moja iliyokwama siku nyingi kiasi kwamba kijiko kilichokuwa ndani, ukikipigia hesabu ya utumishi, kilishafikia umri wa kulipwa pensheni.

"Mama, taratibu, unaumaliza ubao," alisema mkamwana.

"Niache. Ubao huu unanijua. Nilimwambia marehemu asinunue rangi hii, akaniambia ni kijani cha majani. Majani gani, labda yaliyokwisha kutafunwa na mbuzi!"

Walicheka mpaka vumbi la msasa likawaingia puani. Kwa makopo mawili ya rangi, bawaba mpya na mpira mmoja wa bomba, mdogo kuliko kifungo cha shati, jiko likazaliwa upya. Bomba lililodondoka kwa miaka mitatu likanyamaza. Hata ile droo ilifunguka. Na nusu ya akiba waliyoiweka kwa matengenezo ilikuwa bado ipo, kwa ajili ya bafu.

Mkamwana alikuwa ameandika mambo matatu kwenye karatasi: bomba lenye kutu ndani ya ukuta, vigae vya sakafu visivyoteleza, na kishikio cha chuma cha kufungwa kwa skrubu pale pa kuogea. Hilo la tatu ndilo pekee Mama Cherehani aliloliomba. Tangu goti lianze kumsaliti, mkamwana alilazimika kumwingiza bafuni na kumtoa, kama mtoto.

"Binti yangu unanipenda, najua," alimwambia siku moja, "lakini mtu mzima ana mambo yake na mwili wake. Nipe cha kushika, uone kama nitakuita tena."

Ndugu zangu, lisikieni vizuri ombi hilo. Mama hakuomba dhahabu, wala safari, wala nyumba ya pili. Aliomba kuoga peke yake.

Jioni ya Jumamosi ile akaingia mwanawe, mume wa mkamwana, karani wa mapokezi katika ofisi moja ya bima. Mtaani walimwita Bwana Picha. Huyo alikuwa hali chakula mpaka akipige picha, na watu walidai kwamba nyumbani kwao hata chai ya moto hawakuijua ladha yake. Alipoliona jiko alisimama mdomo wazi, akatoa simu, akapiga picha kutoka kila pembe, akazisambaza. Kabla hajanawa mikono, sifa zilikuwa zimeshamiminika.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia nyumba ile, kupitia kidole gumba.

"Bafu niachieni mimi," alisema, akaikunja karatasi ya mkewe na kuitia mfukoni. Haikutoka tena mfukoni humo mpaka ilipofuliwa.

Alirudi na vigae vyeusi vilivyopunguzwa bei, vinavyong'aa mpaka mende mmoja, inasemekana, alijiona sura yake humo akauhama mtaa. Alirudi na bomba la rangi ya dhahabu lenye shingo ndefu. Alirudi na kioo cha duara chenye taa pembeni, kama kwamba pale bafuni kuna mtu anayekwenda kutangaza habari.

Fundi aliyeitwa alikuwa mtu mzima wa makamo, mtaratibu, jina lake la kazi Fundi Kobe. Aligeuza kigae kimoja, akakipitishia kidole.

"Bosi, hivi ni vya ukutani. Mguu wenye maji juu ya hivi ni sabuni juu ya sahani."

"Fundi, nimekuita kuweka vigae au kuhubiri?"

"Na bomba la kutu humu ukutani? Kiungo kinavuja."

"Funika. Nani anapiga picha ndani ya ukuta?"

"Haya. Na kishikio cha mama?"

"Kile chuma cha hospitali? Kitaharibu muonekano wote." Bwana Picha akafungua boksi, akatoa chuma chembamba cha dhahabu. "Utabandika hiki. Kwa gundi, usinitobolee vigae vyangu."

Fundi Kobe alikipima mkononi. "Hiki kinabeba taulo, bosi. Hakibebi mtu."

"Wewe bandika."

Mama Cherehani hakusikia hata neno moja. Alikuwa sebuleni, mguu wake mzima uko kwenye kanyagio, cherehani inaimba. Maneno haya aliyajua baadaye kutoka kwa fundi mwenyewe. Laiti mguu ule ungepumzika dakika moja tu!

Mkamwana alirudi kutoka kazini akakuta kila kitu kimekauka.

"Kishikio cha mama kiko wapi?"

"Si kile pale?"

"Kile? Kimefungwa kwa skrubu?"

"Fundi amekipima. Nyinyi watu mbona hamridhiki?"

Mama Cherehani alikuwa amesimama mlangoni, amejiegemeza kwenye ukuta. Akakitazama kile chuma cha dhahabu, macho yamemlainika. "Ndicho hiki, mwanangu?"

"Ndicho, mama. Wewe shika tu."

Shika tu! Mtu anaweza kumwambia hivyo mama yake mzazi, aliyemshika yeye mkono akijifunza kutembea, huku akijua anamwelekeza kwenye gundi! Wala usinambie alisahau. Alikuwa ameambiwa na fundi mchana uleule.

Na bado hakumruhusu kukishika. Wafanyakazi wenzake walikuwa waje Jumapili ya wiki iliyofuata kulitazama bafu, hivyo hakuna ruhusa ya kulitia alama za maji. Kwa siku nane, mwanamke ambaye cherehani yake ndiyo iliyonunua matofali ya nyumba ile alioga chumbani, kwa beseni, amekaa ukingoni mwa kitanda. Mkamwana alipolalamika aliambiwa, "Siku nane tu, mbona unafanya kama mwaka?" Wakati huohuo, nyuma ya vigae, kile kiungo kilikuwa kinatoa tone, kisha tone lingine, na unyevu unapanda polepole mpaka kwenye gundi.

Jumapili wageni walikuja. Walipiga picha kwenye kioo, mmoja mmoja, kisha wote pamoja. Waliligusa lile bomba la shingo ndefu. Walisema hongera, hongera, una jicho bwana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani anaoga humo. Saa tisa alasiri wakaondoka.

"Sasa na mimi naruhusiwa kuwa mgeni?" aliuliza Mama Cherehani.

Mkamwana aliinuka kumsindikiza. Mama akamzuia kwa kiganja. "Kaa. Leo nina cha kushika."

Akajifungia kwa komeo. Maji yakafunguliwa, na baada ya muda ikasikika sauti yake inaimba wimbo wa zamani ambao mkamwana hakuwahi kumsikia akiuimba. Aliimba mpaka maji yakafungwa. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno, na ikasikika sauti nyembamba ya chuma kikilia juu ya vigae, kama kengele ndogo.

Bwana Picha aliuvunja mlango kwa bega. Mama yake alikuwa chini, mkono wa kulia umempindia vibaya, mguu umegeukia upande usio wake. Katika mkono wa kushoto alikuwa bado amekikamata kile chuma cha dhahabu, kigae kimoja kimening'inia kwenye ncha yake. Mkamwana alivua kanga akamfunika. Mama hakulia. Alimtazama mwanawe tu.

"Nilishika, mwanangu," alisema. "Kama ulivyoniambia."

Nyonga ilivunjika, na kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali ya mjini walimlaza wiki tano. Bafu la wodi yao lilikuwa bovu la sura, rangi imebanduka, lakini kando ya pa kuogea palikuwa na chuma kinene cha kijivu, skrubu nne kila upande. Siku moja Bwana Picha aliingia humo akakishika kwa mikono miwili, akajining'iniza kwa uzito wake wote na tumbo lake lote. Hakikutikisika. Simu ikalia mfukoni: mtu mwingine alikuwa anampongeza kwa bafu. Mwanaume yule aliketi kwenye sakafu yenye maji akalia, na sisi hatumwonei huruma, maana kulia kwake kulichelewa siku nane na zaidi.

Mkamwana hakupoteza muda kulia. Aliuza kile kioo na lile bomba la shingo ndefu. Fundi Kobe akarudi, akavunja ukuta, akabadilisha bomba, akabandua vile vigae vyeusi na kuweka vya kijivu, vyenye kukwaruza kama ulimi wa paka. Kishikio alikifunga kwa skrubu ndefu, kisha akamwita Bwana Picha aning'inie mbele ya mkewe. Akaning'inia. Kazi yote iligharimu kidogo kuliko ile ya kwanza.

Mama Cherehani sasa anaoga mwenyewe. Hilo alilipata. Lakini mkono wa kulia haushiki tena kitambaa mbele ya sindano, na cherehani imefunikwa shuka. Mtaa mzima unapeleka nguo zake kwingine.

Kile chuma cha dhahabu hakukubali kitupwe. Aliamuru kipigiliwe sebuleni, juu ya cherehani, kikiwa na taulo moja jeupe. Mgeni yeyote akikaa, huuliza, "Mama, mbona taulo sebuleni?"

Naye humgeukia mwanawe, mpole kama maziwa. "Baba, mgeni anauliza. Mwambie."

Na Bwana Picha, kila mara, mbele ya kila mgeni, hulazimika kujibu: "Kinabeba taulo. Hakibebi mtu."

MAFUNZO

Mnaotengeneza nyumba zenu kwa hela kidogo, hakuna aibu katika hela kidogo. Jiko lile lilitengenezwa kwa msasa na rangi, na hadi leo halijamjeruhi mtu. Aibu ni kukichukua hicho kidogo na kuwanunulia wapita njia cha kutazama, huku wa nyumbani hana cha kushika.

Anza na kinachovuja. Kisha kinachoteleza. Kisha kinachomzuia aliye dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba. Kikibaki kitu, hapo ndipo ununue cha kung'aa. Fundi akikuonya, nyamaza umsikilize, kwa sababu yeye ndiye aliyeona ndani ya ukuta.

Na leo hii, kabla hujalala, ingia bafuni kwako. Chochote kilichotokeza ukutani ambacho mzee wako anaweza kukishika akiteleza, kishike wewe kwanza, ukivute kwa nguvu zako zote. Kikikubakia mkononi, shukuru kwamba kimebakia mkononi mwako.