Kusimama Mpaka Amina

Soko la Kangeta lilikuwa limefurika watu asubuhi ile. Wanaume walifunga miraa kwa majani ya mgomba, pikapu zilinguruma kwa pupa ya kuondoka, na hewa ilinuka utomvu na petroli. Igoki, binti wa mkulima Muthamia, alikuwa akipenya katika msongamano huo kuelekea duka la mbegu alikofanya kazi, pindo la gauni lake la rangi ya haradali amelikusanya mkononi lisiguse matope. Kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi akamzuia njia.

"Samahani, dada. Muguka unauzwa wapi hapa?"

Igoki alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. Viatu viling'aa.

"Wewe umetoka Embu."

"Karurumo. Umejuaje?"

"Majani hayo ya kwenu sisi tunawapa mbuzi. Watu wanakula miraa."

"Basi niuzie chakula cha watu."

"Mimi nauza mbegu tu. Panda, ungoje."

"Nina likizo fupi, Mama Mbegu. Wanajeshi hatuna nafasi ya kungoja."

Jina lake lilikuwa Salesio, koplo aliyerudi kutoka vitani ng'ambo ya mpaka, na baada ya likizo angerudishwa huko huko. Igoki alichukia vita hivyo tangu vilipoanza. Hata hivyo alimpa namba yake, na jioni ile simu ilipolia, aliipokea kwa haraka iliyomshangaza mwenyewe.

"Umekula, Afande?"

"Nimekula. Lakini njaa ya kukuona haijaisha."

"Maneno hayo mnafundishwa kwenye gwaride?"

"Kwenye gwaride tunafundishwa kunyamaza. Nimeshindwa mtihani kwa ajili yako, kipenzi."

Majuma machache ya likizo yalipita kwa simu na kwa matembezi ya Jumamosi huko Maua. Wakakubaliana kwamba kabla hajarudi kambini, Salesio angeleta ncoolo, kitita cha miraa teule ambacho mchumba humpelekea baba wa msichana. Baba akikifungua, amekubali. Akikirudisha, mambo yamekwisha.

Jumapili iliyotangulia siku ya ncoolo, Salesio alihudhuria ibada kanisani kwa kina Igoki akiwa amevaa suti ya kijivu. Mchungaji alimwomba asimame aheshimiwe, kisha akamwita Igoki, ambaye ndiye aliyeongoza maombi ya kanisa, aombe jeshi lipewe ushindi.

Igoki alifumba macho.

"Bwana, mrudishe Salesio na wenzake, mwili na roho. Wamekwenda walikotumwa, nasi tunawaheshimu. Lakini siwezi kukuomba ushindi, kwa kuwa kila ushindi kule ni maziko ya mtoto wa mtu. Wakumbuke akina mama wa upande ule. Wape viongozi wetu moyo wa kuvikomesha vita hivi."

Minong'ono ilienea viti vya nyuma. Salesio aliketi kabla ya amina, na kabla ya baraka alikuwa ameshatoka.

Igoki alipiga simu mchana kutwa. Ilipopokelewa, sauti ya Salesio ilikuwa kama ya mgeni.

"Nimewabeba wenzangu wawili kwa mikono hii, Igoki. Wewe unawaombea waliowaua."

"Niliwaombea mama zao."

"Mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo mimi ni muuaji?"

"Sikusema hivyo. Nakataa vita, Salesio. Wewe sikukatai."

"Mimi na vita tunavaa nguo moja."

Akakata simu. Juma zima hakupiga.

Siku ya ncoolo ilipofika, Muthamia alivaa koti lake la harusi za watu akaketi uani bila kumwuliza binti yake lolote. Jua lilikuwa limeanza kuinama Salesio alipoingia na mjomba wake, amebeba kitita kilichofungwa kwa ustadi wa wenyeji wa Igembe.

"Kitita hiki amekufungia nani?" Muthamia aliuliza.

"Nimefunga mwenyewe, baba. Nimeshinda Kangeta tangu asubuhi nikifundishwa na kuchekwa." Akakiweka kitita mbele ya mzee. "Naomba kwanza niseme na Igoki."

Walisimama kando ya miti ya miraa.

"Kule kwenye kizuizi chetu cha barabarani kulikuwa na mama mzee," Salesio alisema. "Alikuwa akituletea maji. Siku moja nilimkuta akitafuna miraa, kitita kimefungwa kama hivi. Nikamwambia, hii imetoka kwetu. Akacheka, akanipa tawi moja. Siku ya pili kombora liliangukia nyumba yake. Hatujui lilitoka upande gani. Sijamwambia mtu habari zake. Uliposema akina mama wa upande ule, nilimwona yeye. Ndiyo maana nilitoka."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, nami kesho narudi huko huko? Nimekula kiapo. Siwezi kukivunja, wala siwezi kukudanganya kwamba nalala vizuri."

Igoki alimshika mkono, naye hakuuondoa. Wakarudi uani.

Muthamia alikuwa ameweka kisu juu ya kitita. "Nifungue, mwanangu?" alimwuliza Igoki.

"Kabla hujafungua, baba, huyu anisikie. Kesho kanisani nitaomba vile vile. Na kila Jumapili atakayokuwa kule nitaomba vile vile."

Mjomba alikohoa. Salesio hakumtazama.

"Omba," alisema. "Sitaketi kabla ya amina."

Kisu kikapita katika kamba ya mgomba.

Kesho yake kanisa lilijaa kuliko kawaida. Igoki aliomba maneno yale yale, na viti vya nyuma vikanong'ona tena. Salesio alisimama peke yake, viatu viking'aa, begi la safari likiwa chini ya kiti. Igoki alipomaliza, ikasikika amina moja tu, nzito, ya mwanamume aliyesimama.