Mlango wa Nyuma Haufungwi

Kila alasiri Kidomo alifanyia kazi za shule katika karakana ya ushonaji ya shangazi yake, na kila alasiri alitamani kupiga mayowe. Mlango wa mbele ulitazama barabara, wa nyuma ulitazama soko, na yote miwili ilikuwa wazi. Basi mtaa mzima ulifanya karakana kuwa njia ya mkato.

"Hodi, napita!" alisema muuza mkaa. Gunia lake likamwaga vumbi juu ya daftari.

"Shangazi, funga huo mlango!"

"Haufungwi."

"Kwa nini?"

"Nimesema haufungwi. Soma!"

Asome nini? Mwalimu wa historia aliwataka waandike jinsi janga la zamani lilivyobadilisha nchi.

"Mambo ya marehemu," Kidomo alinung'unika. "Yananihusu nini?"

Muuza mkaa akarudi, safari hii na kuku wanaopiga kelele. Alipotoka tu, Kidomo akatoka kwa mlango wa nyuma, akautia kufuli kwa nje, akatumbukiza ufunguo mfukoni, akaenda bombani kunawa vumbi. Shangazi, aliyeinamia pasi, hakuona.

Aliporudi, moshi ulikuwa ukifuka kutoka mlango wa mbele. Waya wa pasi ulikuwa umepiga shoti, na marobota ya vitambaa yaliyokuwa mlangoni yalikuwa yakiwaka moto.

"Fungueni!" Shangazi alilia huku akigonga mlango wa nyuma.

Kidomo alizunguka mbio. Ufunguo ukamponyoka, akauokota, akafungua. Shangazi akatoka akikohoa. Muuza mkaa na majirani wakauzima moto kwa mchanga.

"Nani kafunga?"

"Mimi, Shangazi. Nisamehe."

"Mtoto wewe, utanizika!" Shangazi akaketi chini, akavuta pumzi. "Bibi yako alishona kiwandani. Tajiri wao alifunga mlango wa nyuma, eti wasiibe vitambaa. Moto ulipozuka, wenzake Bibi wengi hawakutoka. Waliosalia wakaandamana, wakapigwa, wakaandamana tena, mpaka ikatungwa sheria: kila karakana iwe na mlango wa pili, na usifungwe watu wakiwa kazini. Hao marehemu wako ndio walionitoa leo."

Kidomo aliinama, machozi yakimtoka.

"Nami nilikosea," Shangazi aliongeza. "Nilikukataza bila kukupa sababu. Sheria nyingi za nchi zililipiwa kwa uhai wa watu, mwanangu. Tukisahau kwa nini zilitungwa, tutazivunja kwa sababu ya vumbi tu. Haya, kalete daftari, uandike."

"Hodi, napita?" muuza mkaa aliuliza, safari hii kwa woga.

"Pita, mjomba," Kidomo akajibu, akipangusa macho. "Lakini gunia likung'ute nje!"