Taksi Iliyokutwa Getini

Jumatatu ya Kanivali, saa kumi na nusu alasiri, mama Nieves Ajata alikutwa kando ya barabara iendayo Viacha, mguu umevunjika mahali pawili na mkokoteni wake wa uji wa mahindi umepinduka. Kabla hajazimia alisema maneno manne tu.

"Taksi ya Fermín imenigonga."

Jumatano polisi waliipata taksi hiyo katika yadi yao wenyewe, yadi ya magari yaliyokamatwa, hapo hapo mjini El Alto. Taa ya mbele kulia ilikuwa imevunjika, na uzi wa sketi ya mama Nieves umenasa kwenye bampa. Jioni hiyo mzee Fermín Calcina alichukuliwa nyumbani kwake.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Inspekta Basilia Condarco aliketi mbele yake mahabusu.

"Mzee, Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nikila. Taksi ilikuwa kwenu, afande. Ilikamatwa Ijumaa, bima imekwisha. Niliiendesha mwenyewe mpaka yadi, koplo Wilmer kakaa pembeni yangu kama bibi harusi. Ufunguo nikauacha hapo."

"Nakala yako ya fomu ya yadi iko wapi?"

Mzee akatoa mfukoni karatasi iliyojikunja, wino wote umegeuka wingu la buluu. "Jumamosi watoto walinipiga puto la maji. Kanivali, afande. Hata askofu wangempiga."

"Mama Nieves anasema ni wewe."

Mzee Fermín akaikunja tena karatasi yake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza kwenye usukani.

"Kesho hakimu akinipeleka gerezani, nitakwenda. Lakini yule mama nimenunua uji kwake miaka kumi na tisa. Sasa hivi amelala hospitali akijua kwamba Fermín alimgonga, akamwangalia, akaenda zake. Hilo ndilo linaloniua."

Saa nne na robo Inspekta aliingia yadini. Mlinzi mkuu, Sajini Teófilo Tarqui, alimpokea kwa heshima. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mwandiko safi kuliko wote kituoni, ingawa siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu. Akamletea jalada. Fomu ya taksi ilisema hivi:

Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Gari limekutwa getini, mwenyewe hayupo, ufunguo ndani. Redio moja. Jeki moja. Tairi la akiba limechakaa. Mafuta robo tangi. Taa ya mbele kulia imevunjika.

"Mwenyewe asipokuwepo, fomu hutiwa sahihi na shahidi," Inspekta alisema. "Mbona mstari huu uko wazi?"

"Ah, Inspekta! Jumatano ya Majivu, saa mbili asubuhi, shahidi nimtoe wapi? Mji mzima ulikuwa unauguza kichwa."

"Mzee Fermín anasema aliileta Ijumaa."

"Mwenye hatia hakosi la kusema."

Inspekta hakubishana. Alijua pia kwamba koplo Wilmer alikuwa na tabia ya kuazima pikipiki zilizokamatwa. Kama mzee anasema kweli, huenda koplo ndiye aliyeichukua taksi. Akampigia simu. Wilmer alikuwa mjini Oruro, alikokwenda kucheza ngoma ya mashetani, na nyuma yake zilisikika tarumbeta.

"Ijumaa nilikamata magari saba, afande! Taksi za kijani zilikuwa nyingi kama kabichi. Ya Fermín? Labda. Labda siyo."

"Na Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Hospitali, huku huku! Jumamosi niliruka na pembe zangu, nikatua kwa kifundo. Muulize daktari, au muulize muuguzi aliyenicheka."

Inspekta alimuuliza daktari. Ilikuwa kweli, Wilmer alikuwa amefungwa plasta ngumu mguuni tangu Jumamosi jioni. Hapo akabaki na mzee ambaye karatasi yake haikusomeka, na fomu iliyosomeka vizuri mno.

Akatoka nje, akaanza kutembea katikati ya magari. Jumanne adhuhuri Sajini Teófilo alikuwa ameifanyia yadi yake ch'alla, kama afanyavyo kila mwenye duka, nyumba au gari siku hiyo. Alimwaga bia na kurusha vikaratasi vya rangi, ili mwaka uwe mwema. Hakuna aliyefagia, kwa sababu baraka haifagiliwi kabla ya Jumapili. Bia ilikuwa imekauka na kuvigandisha vikaratasi chini, hata upepo wa El Alto umeshindwa kuving'oa.

Inspekta akapiga goti kando ya lori dogo lililoingia Jumatano saa tatu. Chini yake palikuwa na vikaratasi tele, vyekundu na njano. Akaenda kwenye pikipiki ya Jumatano alasiri. Vilikuwepo vilevile.

Akaita askari wawili. "Isukumeni taksi ya mzee Fermín, hatua sita nyuma."

Wakaisukuma. Iliposimama ilibaki ardhi kavu, ya kijivu, yenye umbo la gari. Hapakuwa na kikaratasi hata kimoja, na pembeni pote rangi zilikuwa zimeganda.

Sajini Teófilo alikuwa amesimama mlangoni. Hakusogea.

"Sajini, tangu Ijumaa ni gari gani limetoka humu?"

"Hakuna. Ofisi ilifungwa kwa sikukuu."

"Basi hapa hapakuwa na gari jingine. Jumanne adhuhuri, ulipokuwa unamwaga bia, taksi hii ilikuwa imesimama papa hapa. Fomu yako inasema iliingia Jumatano."

"Labda niliku..."

"Halafu tazama pale mbele, ilipokuwa pua yake. Umemwaga bia nyingi kuliko kwingine kote. Chupa nzima, au mbili?"

"Tatu," Sajini akasema. Akaketi kwenye ngazi, akavua kofia. "Ningeachaje kuimwagia, Inspekta? Ilikuwa imenipa mjukuu."

Inspekta akaketi kando yake. "Sema yote."

"Binti yangu Maribel. Jumatatu alishikwa na uchungu, damu ikatoka kabla ya mtoto. Watu wa gari la wagonjwa hawakupokea simu. Njiani kote ni watu wanacheza. Nikachukua ufunguo wa kwanza niliouona. Pale barabara ya Viacha vijana wakapulizia kioo povu, sikuona mbele. Nikasikia kishindo. Maribel alikuwa akipiga kelele nyuma, 'Baba, usisimame!' Sikusimama."

"Kwa safari ya kwenda hospitali, hakimu anaweza kukusikiliza," Inspekta alisema taratibu. "Na kurudi?"

Sajini akaficha uso. "Kurudi nilipita njia nyingine."

"Halafu?"

"Jumatano nikasikia wanamtafuta Fermín. Nikachana fomu ya Ijumaa, nikaandika hii. Miaka ishirini na miwili, Inspekta, sijawahi kuongopa hata kwa jeki."

"Ndiyo maana wote wangeiamini. Mzee angefia ndani kwa mwandiko wako mzuri."

"Najua. Silali." Akasimama mwenyewe, akafungua mkanda wa bastola, akamkabidhi. "Mtoto ni wa kiume. Hawajampa jina."

"Nenda ukaandike maelezo yako," Inspekta akasema. "Safari hii shahidi nipo."

Saa tisa mzee Fermín aliachiwa. Inspekta alimweleza kwamba taksi itabaki yadini kama kielelezo.

"Ibaki," mzee akajibu. "Nipeleke hospitali tu. Nikienda peke yangu watanifukuza."

Mama Nieves alikuwa amelala, mguu umening'inizwa. Alipomwona mzee mlangoni aligeukia ukutani. Inspekta akasimama miguuni pa kitanda, akaeleza kila kitu tangu mwanzo. Mzee Fermín alibaki mlangoni. Mikono yake ilikuwa imeshika kofia kifuani.

Inspekta alipomaliza, mama Nieves alijifuta macho kwa shuka. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Mguu uliuma, Fermín. Lakini nililia kwa sababu nilidhani ni wewe."

Akausogeza mkono wake ulio huru, akapapasa ukingo wa kitanda, akimwonyesha pa kukaa.