Ukurasa wa Nyota Changa

Mayala alimpiga Odeta kikumbo pale sokoni Mwaloni Kirumba, katikati ya magunia ya dagaa na wachukuzi wanaogombea njia, na maandazi matatu yakaanguka chini kutoka kwenye beseni lake la biashara. Badala ya kuomba radhi, kijana akainama akaokota karatasi iliyoyafunga.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

"Na maandazi yangu je, hukuyaona?"

Ndipo akamwomba radhi, akayanunua yaliyobaki. Odeta akamweleza kuwa ni gazeti la zamani la Ulaya. Magazeti hayo yalikuja kwa marobota kama mitumba, naye alichukua rundo la kufungia maandazi. Kwenye ule ukurasa palikuwa na galaksi, nyota zisizo idadi zikijizungusha kama maziwa ndani ya chai inayokorogwa.

Mayala alichora mapazia ya studio ya picha, jirani na uwanja wa mpira. Mwaka ule wa tisini na saba, soko huria lilikuwa limewapa watu hamu ya kuonekana matajiri, na kila mteja alitaka kupigwa picha mbele ya ndege au ghorofa la kuchora. Ndege zilikuwa zimemchosha. Kuanzia siku ile akawa anakuja kila asubuhi, shati la maua limejaa madoa ya rangi, akinunua maandazi matano na kumwomba Odeta amsomee maelezo ya picha, kwa kuwa Odeta alimaliza kidato cha nne na yeye aliishia darasa la saba. Odeta alimsomea kuwa picha zilipigwa na darubini iliyopelekwa angani, na kuwa ndani ya mawingu yale mekundu, yaitwayo nebula, nyota huzaliwa.

"Kwa hiyo hata nyota zinazaliwa kwenye vumbi?"

"Kama sisi wa Kirumba," Odeta akasema, na Mayala akacheka mpaka akasahau chenji yake.

Macho hayana pazia. Odeta akaanza kuvaa gauni lake la zambarau kuuzia maandazi, na hereni za kanisani. Wenzake wakamtania, naye akajifanya hasikii.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Okeyo, mwenye mitumbwi huko Shirati, alikuwa ameshaleta barua ya posa, na wazee wake wangekuja Jumapili kusikia jibu. Mzee Otuoma, baba yake Odeta, hakuwa mkali. Alimwambia tu binti yake, "Kama kuna mwingine, mtaje. Kama hakuna, Jumapili nitakubali." Odeta angemtaja nani? Mayala hakuwa amesema neno zaidi ya "kesho, Mungu akipenda." Usingizi ukamruka, akawa anaunguza maandazi na kuwajibu wateja ovyo.

Kurasa za anga ziliisha mapema. Ulibaki mmoja tu, mzuri kuliko yote, wenye nyota changa za bluu ndani ya wingu jekundu, na huo Odeta aliuficha ndani ya Biblia. Aliogopa kuwa akiutoa, Mayala hataonekana tena. Akaendelea kumfungia katika kurasa za matangazo, na kila asubuhi aliona jinsi kijana anavyokunjua karatasi kwanza. Anatafuta nyota, Odeta akawaza.

Getruda, muuza uji, ndiye aliyemaliza ubishi wa moyo wake. Alikuwa amemwona Mayala akiwagawia wachukuzi maandazi, kisha akiikunja karatasi vizuri na kuitia mfukoni.

"Mwenzangu, huyo anapenda karatasi," Getruda akasema. "Wewe ni muuzaji tu."

Iliuma kwa sababu ilifanana na kweli. Alhamisi Odeta akautoa ukurasa kwenye Biblia na kumkabidhi Mayala.

"Hii ndiyo ya mwisho. Sasa huna sababu ya kuja."

Mayala akafumbua mdomo, lakini Odeta alikwisha kumgeukia mteja mwingine. Ijumaa hakuja, na Jumamosi asubuhi hakuja. Mchana Odeta akaitwa dukani kwa Maige, penye simu ya mtaa.

"Odeta, usikate. Pazia limekauka. Njoo upige picha."

"Tafuta wateja wako."

"Njoo uone. Halafu ukitaka kunisahau, nisahau."

Odeta alijiambia anakwenda kudai ukurasa wake. Alipoingia studio akasimama mlangoni. Pazia la ukuta mzima lilikuwa wingu jekundu, na nyota za bluu zimechipuka humo, na mbele yake kigoda kitupu. Pembeni, kwenye kamba ya kukaushia picha, zilining'inia karatasi zake zote, kila moja na tarehe kwa penseli. Galaksi. Nebula. Kisha jiko la gesi, kofia za kike, chakula cha mbwa, zote zina madoa ya mafuta.

"Na hizi za majiko ulitaka kuzichora?"

"Za anga ziliisha wiki ya pili. Nilijua."

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Kukuona wewe. Kila karatasi ni siku moja. Maandazi niliwapa wachukuzi; matano kila siku ningeyaweza wapi, na yakikaa mafuta yanaila karatasi."

"Mbona hukusema?"

"Wewe umesoma, Odeta. Mimi napaka rangi."

Odeta akalia, na papo hapo akakasirika kwa siku zote alizojitesa bure. Akamwambia habari za Okeyo, na kwamba kesho saa tisa wazee wanafika, na baba anataka jina.

"Basi nitaje," Mayala akasema taratibu.

"Jina halitoshi. Uje saa saba, tukitoka kanisani, na yule mjomba wako wa Kisesa uliyenisimulia, na barua ya posa mkononi."

Mayala akanyoosha mkono kwenye kamba, akachomoa karatasi iliyokuwa karibu, akashika penseli aandike. Odeta akamnyang'anya.

"Tafuta karatasi safi, mpenzi wangu. Baba hasomi kwenye mafuta."